Jamhuri ya Shwari Dhidi ya Marehemu Pazi

Katika Jamhuri ya Shwari, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani maana ramani yake bado iko wizarani ikisubiri saini, hapajawahi kutokea ajali. Haya si majigambo, ni sheria. Sheria ya Utulivu ilipitishwa na Bunge kwa makofi yaliyodumu robo saa, na kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba ndani ya mipaka ya Shwari ajali ni marufuku. Tangu siku hiyo basi likipinduka husemwa limepumzika kwa ubavu, na daraja likianguka husemwa limeshuka kukagua mto.

Kwa hiyo Jumanne ile, saa tatu asubuhi, bomba kuu la Kiwanda cha Weupe lilipopasuka, lilikuwa limevunja sheria, na wakubwa walilikasirikia sana.

Kiwanda cha Weupe kilitengeneza dawa ya kung'arisha nguo. Kilikaa juu ya kilima, na chini yake, pale ambapo maji yote na hewa yote nzito huishia, palikuwa na mtaa wa Bondeni. Mlinzi wa geti la kiwanda aliitwa Pazi, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama kidogo anaposema na watu ili wasichoke shingo. Mkewe, Siwema, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yao ya vyumba viwili. Mbali na kufungua na kufunga geti, Pazi alikuwa na kazi moja aliyoipenda: kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kando ya kibanda chake, mara nne kwa siku, kuwajulisha wafanyakazi kwamba zamu imeingia au imetoka.

Kiwanda kilikuwa na king'ora cha hatari pia, kizuri mno, kilicholetwa kutoka ng'ambo. Kilifungiwa kabatini kisije kikachakaa. Ili kilizwe ilihitajika barua yenye saini tatu: ya Meneja, ya Mkuu wa Wilaya, na ya ofisa atakayethibitisha kwamba hatari yenyewe ina kibali.

Siwema alikuwa akishona kola alipoisikia reli. Aliujua mkono wa mumewe: huwa anapiga mara tatu, anapumzika, kisha tatu tena, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Asubuhi ile hakukuwa na adabu. Reli ililia mfululizo, bila pumzi, nayo saa tatu si saa ya zamu yoyote. Siwema akatoka hadi uani, akatazama kilimani, akaona wingu la rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani linashuka polepole, limelala karibu na ardhi, likiingia uchochoro mmoja baada ya mwingine.

"Siwema, unatazama nini? Kimbia!" Jirani yake Tausi alimshika mkono. Alikuwa amembeba mtoto wake mchanga, uchi, bado ana povu la sabuni masikioni.

"Pazi yuko huko juu."

"Pazi ndiye anayetuambia tukimbie!"

Wakakimbia, wakapanda kilima cha upande wa pili, khanga zilizoloweshwa maji zikiwa puani. Bondeni nzima ilikuwa njiani: wazee wamebebwa migongoni, watoto wa shule wameshikana mikono kama walivyofundishwa. Nyuma yao reli iliendelea. Iliendelea kwa dakika arobaini. Halafu mapigo yakaanza kuachana, moja hapa, jingine baadaye sana, na Siwema, aliyekuwa amesimama juu ya jiwe, akawa kila baada ya pigo anasubiri jingine. Likaja. Likaja jingine. Kisha akasubiri, akasubiri, mpaka Tausi akamwambia akae chini.

Pazi aliokotwa kando ya kibanda chake, nondo ya kugongea reli bado mkononi. Aliishi siku tatu hospitalini. Hakuweza kusema zaidi ya maneno mawili matatu kwa wakati mmoja, na maneno hayo hakuyatumia kujililia. Aliulizia watu, nyumba kwa nyumba, kama anayetembea uchochoroni.

"Tausi?"

"Mzima."

"Na mtoto?"

"Mzima. Ananyonya."

"Kwa fundi viatu?"

"Wote wazima."

Akaenda hivyo mpaka akafika nyumba ya mwisho kabla ya mfereji, alikokaa Mzee Kondo na mkewe, watu wazima ambao miguu yao haikuwa ya kukimbia. Siwema akaanza kumnyooshea shuka. Pazi akageuza uso ukutani, na siku hiyo hakuuliza tena. Kesho yake alfajiri akafariki.

Daktari aliandika cheti. Siwema alikisoma mara mbili. Penye sababu ya kifo paliandikwa: *Aliacha kupumua kwa hiari.*

"Daktari," akasema, "mume wangu hakuacha kwa hiari. Nilikuwepo. Aling'ang'ana."

Daktari alikwenda kufunga mlango kwanza. "Mama, nisikilize. Wametuletea orodha. Ina sababu tatu tu: uzee, haraka na hiari. Uzee mumeo hakuwa nao. Haraka zimekwisha, tumewaandikia wenzake jana." Akainamisha kichwa. "Nisamehe. Nimeandika iliyobaki."

Walizikwa watu arobaini na watatu kwa juma moja.

* * *

Baada ya siku kumi na tano Waziri wa Hewa Safi alifika kuwapa pole. Alihutubia katika uwanja wa shule, amevaa barakoa kubwa yenye mirija miwili, ambayo msaidizi wake alieleza kwamba ni kwa ajili ya mafua.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri, na sauti ikatoka kana kwamba yumo ndani ya mtungi. "Kuna maneno mitaani kwamba hewa ilivuja. Nataka niwahakikishie: hewa ya Shwari haivuji. Hewa ilitembelea! Na mgeni akija kwako asubuhi, wewe ukaondoka mbio, nani amekosa adabu?"

Viongozi wa jukwaa kuu wakapiga makofi. Wananchi wakakohoa.

"Hata hivyo, Serikali yenu ni sikivu. Katika nchi nyingine mnyonge akipata shida hana pa kwenda. Hapa Shwari ana pa kwenda pengi!" Akainua juu kijitabu chenye jalada la kijani. Kiliitwa *Haki za Mkazi Baada ya Tukio Ambalo Halikutokea*. Kilikuwa na kurasa themanini, na sabini kati ya hizo zilikuwa na picha ya Waziri akikiandika.

Siwema alichukua nakala yake. Usije ukafikiri alikuwa mwanamke wa kupenda kesi. Fidia hakuifikiria. Alichotaka, na alikisema kila alikokwenda mpaka makarani wakakichoka, ni karatasi moja ya Serikali itakayosema mume wake aliuawa na nini. Akakisoma kijitabu chote kwa makini, akapigia mstari, akajifunga khanga, akatoka.

Alianzia Bodi ya Malalamiko ya Hewa. Karani alimkaribisha kwa bashasha, akampa kiti.

"Umeileta?"

"Nimeleta nini, baba?"

"Hewa. Hiyo unayoilalamikia. Hatuwezi kupokea lalamiko bila kielelezo. Chupa moja, iliyofungwa vizuri, yenye mhuri wa kiwanda."

"Hewa yenyewe imeshaondoka."

Karani akatabasamu, kama mtu aliyepewa habari njema. "Sasa mama, kama imeondoka, unalalamika nini?"

Kutoka hapo alikwenda Idara ya Wakazi, maana kijitabu kilisema mwenye haki ni mkazi. Ofisa wa huko, bibi mmoja mwenye kalamu tatu nyweleni, akamuuliza siku ile hewa ilipotembelea yeye alikuwa wapi.

"Nilikimbilia kilimani."

"Kwa hiyo hukuwa Bondeni."

"Nilikimbia! Nyumba yangu iko Bondeni miaka kumi na tisa."

"Nyumba yako ilikuwepo, hilo hatubishi. Nyumba inaweza kuja kulalamika. Wewe hukuwepo."

"Na kama ningebaki?"

Yule bibi alifungua sheria, akaisoma kwa kidole. "Ungebaki huku unaiona inakuja, ungehesabiwa umeikubali."

Akaenda masjala ya mahakama. Huko walimpokea vizuri kuliko kote, wakamwambia shauri hufunguliwa ndani ya siku thelathini tangu tukio, wakahesabu kwa vidole, wakampongeza kwamba siku ile ilikuwa ya ishirini na sita, amewahi. Ila lisingeweza kufunguliwa kabla Tume haijathibitisha kwamba tukio lilitokea.

"Na Tume itathibitisha lini?"

"Miaka mitatu," akasema karani wa masjala. "Hii ni tume ya haraka."

Siwema alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika akakaa kwenye cherehani bila kushona, mikono juu ya meza, mpaka Tausi akaja na bakuli la uji, akamwekea, akakaa naye.

* * *

Siku ya thelathini na moja askari wawili walifika kibarazani.

"Hapa ndipo kwa Pazi?"

"Ndipo."

"Yupo?"

"Mlikuwa wapi siku zote hizi? Tumemzika mwezi uliopita."

Askari wakatazamana. Mmoja akasoma karatasi aliyoishika, akaona haina mahali pa kuandika hilo. "Basi mpokelee," akasema, akamkabidhi hati ya kuitwa mahakamani. Pazi alikuwa ameshtakiwa na Jamhuri kwa kugonga chuma bila kibali, nje ya saa za zamu, na kusababisha usumbufu kwa umma.

Serikali ilimpa mshtakiwa wakili wa bure. Aliitwa Wakili Ndimbo, mtu mwembamba aliyezoea kuzungumza huku macho yako mlangoni. Alimweleza Siwema jambo lote kwa upole, na kwa kweli alikuwa mtu wa kwanza kumweleza lolote likaeleweka.

"Kiwanda kimetoa ripoti, mama. Ripoti inasema waliokufa walikufa kwa kukimbia. Walikimbia kwa sababu ya reli. Reli aligonga mumeo. Mumeo akitiwa hatiani, hesabu imefungwa: hapakuwa na hewa, palikuwa na kelele."

"Mzee Kondo alikufa kitandani mwake. Alikimbiaje?"

"Wameandika alikimbia moyoni."

Siwema akafumba macho. "Na mimi kisheria nina njia gani?"

"Zipo tatu. Kukiri, kukiri kwa majuto, na kukiri kwa niaba."

"Sikiri."

Wakili Ndimbo akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. "Mama, nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Hapo uliposimama mimi sijawahi kufika. Sijui ng'ambo yake kuna nini."

"Tutajua tukifika."

Wakati huohuo kijitabu cha kijani kilitolewa toleo la pili, kikaongezwa njia mpya ya kisheria kwa wakazi wa Bondeni: kila aliyefiwa au aliyeumia sasa aliruhusiwa kudai haki yake kwa familia ya mgonga reli. Wizara ikaleta meza, kiti, karani na fomu mia tano, ikaviweka hatua chache tu kutoka kibaraza cha Siwema, ili watu wasipate taabu ya kutembea. Siwema alishona akiitazama meza ile. Asubuhi ya kwanza hakushona kitu cha maana; kila aliyepita, yeye alimtazama miguu, aone itageukia wapi.

Karani alikaa wiki mbili. Fomu moja tu ilichukuliwa, na aliyeichukua alikuwa muuza karanga aliyeishiwa karatasi za kufungia.

* * *

Mahakama ya Utulivu iliongozwa na Hakimu Kalumbete, mtu aliyechukia makelele kiasi kwamba nyundo yake ilikuwa imevishwa soksi. Kizimbani waliweka kiti kitupu. Karani akauliza, "Mshtakiwa yupo?" Akasubiri muda wa heshima, kisha akaandika: *Mshtakiwa amekataa kujibu.*

"Kabla hatujaanza," akasema Hakimu, "neno *sumu* halitatamkwa humu ndani. Wala *kuvuja*. Na mwenye kutaka kukohoa atoke nje, maana kikohozi kinaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi."

Nusu ya watu wakatoka nje.

Mwendesha mashtaka aliahidi kuthibitisha usumbufu bila kubakiza chembe ya shaka. Asingeita shahidi mmoja au wawili, alisema. Angewaita wote waliosumbuliwa, kila mmoja, ili historia ijue ukubwa wa uhalifu huu. Na kweli akawaita. Walikuja arobaini kwa siku. Wa kwanza alikuwa Tausi, mtoto yuko mgongoni.

"Siku hiyo, saa tatu asubuhi, ulikuwa unafanya nini?"

"Namkosha mtoto."

"Kwa utulivu?"

"Kwa utulivu kabisa."

"Kisha?"

"Reli ikalia."

"Ikakusumbua?"

Tausi akakitazama kiti kitupu. "Ikanisumbua, ndiyo. Nikatoka mbio na mtoto ana povu. Sikufunga hata mlango."

Mwendesha mashtaka akaigeukia mahakama kwa ushindi. "Na ungependa mahakama hii imfanye nini mtu aliyekusumbua namna hiyo?"

"Ningependa imrudishe," akasema Tausi. "Hata kesho asubuhi. Aje anisumbue tena."

Hakimu akaamuru jibu hilo lifutwe. Karani akafuta. Lakini jibu la "ikanisumbua" likabaki, na mwendesha mashtaka akaridhika, akamwita mwingine. Wakaja fundi viatu na mkewe na wanawe wanne. Wakaja watoto wa shule, darasa zima, wakasema kwa pamoja kama walivyozoea. Akaja kipofu mmoja aliyesema kwamba yeye wingu hakuliona, ila alimsikia Pazi. Kila mmoja aliulizwa kama alisumbuliwa, kila mmoja akasema ndiyo, na karani akaweka namba kando ya jina lake.

Siku kumi na sita Siwema alikaa kwenye benchi la mbele akiwatazama. Mwanzoni alikuwa na uchungu, anamtazama kila shahidi mdomoni tu. Siku ya nne au ya tano kitu kikabadilika, na baadaye hakuweza kusema ilikuwa saa ngapi. Akaanza kuwatazama miguu, vifua, mikono. Mtu mmoja baada ya mwingine aliingia kwa mlango ule akitembea mwenyewe, akapanda ngazi mbili, akavuta pumzi, akataja jina lake.

Shahidi wa mwisho alipoteremka, Hakimu akasema mwakilishi wa mshtakiwa ana dakika tatu za kujitetea. Wakili Ndimbo akasimama, akatazama mlango, akakaa. Siwema akasimama.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "sina ubishi na mashahidi. Wamesema kweli. Mume wangu aliwasumbua. Nataka kumshukuru huyu bwana mwendesha mashtaka, maana tangu nimzike Pazi nilikuwa sijui ni wangapi. Nilidhani pengine ni uchochoro wetu tu. Serikali isingenihesabia kama ningeiomba. Leo imenihesabia bila kuombwa, na imeandika majina." "Watu mia sita na kumi na mmoja. Pazi hakusoma, Mheshimiwa. Alipenda kusema yeye maishani hajafanya kitu. Ningependa angekuwepo asikie mashtaka yake."

Ukumbi ukawa kimya, kimya ambacho Hakimu Kalumbete alikuwa amekitafuta maisha yake yote, na alipokipata hakukipenda. Aligonga nyundo yake ya soksi. Haikusikika.

Hukumu ilisomwa mchana uleule. Mshtakiwa alipatikana na hatia mara mia sita na kumi na moja, na kwa kuwa mahakama ina huruma, adhabu zote zitatumikiwa kwa pamoja: kifungo cha miezi sita.

Hapo Wakili Ndimbo akasimama kweli, akasahau mlango. "Mheshimiwa, mteja wangu amefariki!"

"Kifo ni jambo la kifamilia," akasema Hakimu. "Mahakama haiingilii mambo ya familia."

* * *

Magereza ya Shwari hayana kawaida ya kuhamisha mfungwa pasipo sababu, kwa hiyo mfungwa akaachwa alipo, likahamishwa gereza. Gazeti la Serikali lilitangaza kaburi la Pazi kuwa gereza la daraja la pili. Wakajenga uzio wa waya kulizunguka, wakatia mlango wenye kufuli, wakaleta kiti, mwavuli, na askari mmoja, Koplo Matiku, aliyetoka wilaya ya mbali na hakujua kosa alilofanya hata akapangiwa kazi ile.

Koplo alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Asubuhi na jioni aliita, "Mfungwa Pazi!" na katika daftari akaandika: *Yupo. Kimya.* Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi, dakika kumi kwa kila mgeni, kwa kibali kilichogongwa wilayani. Jumamosi ya kwanza Siwema alifika na kibali chake na kikapu.

"Inabidi nipekue, mama," akasema Koplo bila kumtazama usoni. "Umebeba kitu chochote cha kumsaidia kutoroka?"

Siwema alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumanne ile, na kicheko kilipoanza hakikujua pa kuishia, kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio, na Koplo Matiku akampisha kiti chake akae chini ya mwavuli. Dakika zile hakuziandika.

Baada ya hapo Bondeni wakaanza kuja. Walipanga foleni wilayani kuomba vibali, wakaja na ufagio wakafagia, wakaja na maji wakanyunyiza udongo. Koplo aliwapekua wote, akawaingiza mmojammoja. Hakuna kaburi lililotembelewa namna ile katika nchi nzima, hata la Rais wa kwanza, ambalo lilikuwa na bustani.

Kwa sheria ya Shwari mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Daftari la Koplo lilikaguliwa, ikaonekana kwamba katika kumbukumbu za magereza hajawahi kuwepo mfungwa mtulivu kama huyu. Mwezi wa nne ulipotimia, Siwema akaletewa barua: aje Alhamisi asubuhi kumpokea mumewe.

Akaenda peke yake. Tausi alitaka kufuatana naye, akamkatalia. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. Koplo Matiku alikuwa amenyoa ndevu na kupiga pasi sare yake. Alifungua kufuli, akausukuma mlango hadi mwisho, akatoa fomu.

"Utie saini hapa, mama. Ni ya kumpokea."

Siwema akasoma. *Mimi niliyetajwa hapo juu nimempokea mfungwa akiwa mzima na mwenye afya njema.*

"Siwezi kusaini hii."

"Usiposaini hatoki," akasema Koplo. "Na mimi sitoki." Alisema kwa sauti ndogo, si kumtisha. "Nina mke huko kwetu. Mwezi wa nne huu namwandikia kwamba nalinda gereza. Sijamwambia gereza gani."

Siwema alimtazama, akaitazama fomu tena, akaigeuza. Nyuma, chini kabisa, palikuwa na mistari miwili iliyoandikwa *Maoni ya anayepokea*. Akauliza kama panaruhusiwa kuandikwa.

"Panaruhusiwa. Sijawahi kuona mtu akiandika."

Akaomba kalamu. Akaandika polepole, kwa mwandiko uleule wa duara aliozoea kuandikia majina kwenye kola za watoto wa shule: *Si mzima. Aliuawa na sumu iliyovuja Kiwanda cha Weupe, Jumanne saa tatu asubuhi. Aligonga reli mpaka watu wakatoka.* Chini yake akatia saini.

Koplo Matiku alisoma midomo ikichezacheza. Alifika mwisho, akarudia mwanzo. Kisha akatazama chini Bondeni, ambako watoto walikuwa wakipanda kwenda shule, na kikohozi chao kilisikika hadi pale.

"Wanapita hapa kila siku," alisema. "Kila siku nawasikia."

Akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia, akaugonga juu ya maneno yale, si kando yake, akaandika cheo chake na jina lake kamili na tarehe. Karatasi ile ilikwenda wilayani, ambako watu hawageuzi fomu, ikawekwa kwenye jalada, na jalada likawekwa kabatini. Nasikia bado ipo.

Koplo alikunja mwavuli, akabeba kiti, akampa mkono Siwema kwa mikono miwili, akateremka. Siwema akaingia ndani ya uzio, akakaa chini karibu na kichwa cha kaburi, akanyoosha miguu. Akamwambia Pazi karibu. Akampa habari za nyumbani, moja moja, kama anavyopewa mtu aliyekuwa safarini: mtoto wa Tausi ameanza kusimama, fundi viatu amemwoza binti yake, bati la upande wa jikoni lile lililokuwa likigonga limepigiliwa. Alipofika kwenye habari ya kifua chake mwenyewe, na aliyoambiwa na daktari juzi, akairuka. Hakutaka kumtia wasiwasi siku ya kwanza.